Hema la Nta

Jumatatu, 17 Juni 1996

Nsemulwa. Baridi. Nimelala peke yangu tena. Mke wangu Pudensiana bado yuko kwao Mwese, na kitanda cha watu wawili kikilaliwa na mmoja kipupwe hiki si kitanda, ni adhabu.

Asubuhi shemeji Nashon, kaka yake, alishuka kutoka milimani na gunia lake la nta, akapita kwenye kibanda changu cha ushonaji na ujumbe wa baba mkwe. Mzee anasema hajanifukuza, wala binti hajakataa kurudi. Anataka tu kuona kitu kimoja nilichokianza nikakimaliza. Kimoja. Akikiona, Pudensiana anarudi. Msimu wa asali ukiisha hajakiona, nisijisumbue kupanda mlima.

Nikamwuliza Nashon mzee ana maana gani. Akataja kwaya ya Ilembo, iliyoimba Pasaka na majoho ya mkono mmoja. Akataja kisima. Akataja na banda la kuku la ghorofa. Kuna watu kazi yao kuangalia kilichobaki tu. Ule mkono mmoja niliumaliza vizuri sana.

Akiwa anaondoka akasema mzee ameanza tena kukohoa. Kila kipupwe anaingia porini kurina asali na wenzake wawili, wanalala chini ya vibanda vya majani wakizunguka moto. Tumbo linaungua, mgongo unaganda. Nikaacha suruali ya watu kwenye cherehani, sindano ikiwa katikati ya goti. Nimepata wazo.

Jumanne, 18 Juni

Hema! Jepesi, la watu wanne, lenye jiko la kuni humo ndani na bomba la kutoa moshi nje. Mtu mmoja analibeba kichwani huku anapiga mluzi. Baba mkwe analala kifua wazi katikati ya pori, anaamka hana kikohozi, anamwita binti yake. Nimechora mpaka kalamu imekwisha.

Tatizo ni kitambaa. Turubai ni zito. Salfeti, yale magunia ya plastiki, karibu na moto ni kujitafutia kesi. Nikakumbuka sanduku la Pudensiana. Mle mna mashuka sita ya harusi, aliyoyadarizi marehemu mama yake, maua pembeni na maneno katikati. Hajawahi kuyatandika. Anasema ni kumbukumbu. Mashuka safi kabisa, mepesi, yamelala gizani miaka yote bila kazi.

Nimechukua manne. Mkasi ulisita kidogo, sitaficha. Mama mkwe alinipenda kuliko watu wote wa ile nyumba, na mikono yake ilikuwa haikosei mshono. Lakini nikajiambia angekuwa hai angenishikia upande wa pili. Nikakata.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda kwa Libérat, fundi bati aliyehamia hapa kutoka Katumba. Anatengeneza koroboi na majiko, na anajiona kama ndiye aliyegundua bati. Nilimwambia nataka jiko dogo la debe na bomba la mikebe ya maziwa. Akataka kujua la nini. Nikasema la chai. Akasema chai haihitaji bomba refu kuliko mtu. Nikasema chai yangu inahitaji.

Akaanza kunifundisha. Bomba lipande juu sana, lipite paa, lisiguse nguo. Pale linapopita nishone bati kuzunguka tundu. Huyu anataka kuniibia wazo, naona macho yake. Nimechukua jiko, nikaacha bati la pembeni, na nyumbani nimekata bomba nusu. Uzito ndio adui. Libérat hajui kitu kuhusu uzito.

Jumamosi, 22 Juni

Siku mbaya. Nimesimamisha hema uani, nikamwaga ndoo ya maji juu. Maji yakapita kana kwamba hakuna kitu pale. Jirani zangu wote walikuwa ukutani wanatazama. Mmoja akauliza kama ni chujio la pombe.

Nilikaa ndani nimejifunika, nikamlilia Pudensiana kweli. Sijui nitamwambia nini. Kila kitu ninachokishika kinageuka kuwa hadithi ya watu kuchekea mchana.

Jioni nikainuka. Nta! Kitambaa kikipakwa nta hakipitishi maji, kila fundi viatu anajua. Nashon bado yuko mjini na nusu gunia halijapata mnunuzi. Nimemshonea suruali mbili, akanipa nta yote. Akauliza ya nini. Nikamwambia ni siri. Nashon akijua, Mwese yote itajua kabla sijafika, na nataka mzee ashtuke.

Jumatatu, 24 Juni

Nimeyeyusha, nimepaka, nimepaka tena. Nyumba nzima inanukia vizuri ajabu. Tangu asubuhi nyuki wanapita dirishani. Nimefunga dirisha.

Maji hayapiti. Hata tone. Ila hema limekuwa gumu, nikiliegemeza ukutani linasimama lenyewe kama mlango. Kichwani halikai. Limefungwa kwenye baiskeli, na baiskeli inalia. Si kitu. Kesho napanda lori la mahindi mpaka litakapoishia, halafu nasukuma.

Alhamisi, 27 Juni

Porini, juu ya Mwese. Naandika nimekaa kwenye kisiki, nyuma ya mti, kwa sababu watu hawataki kuniona.

Jana nilifika kwa baba mkwe mwili wote vumbi. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yote yako kwenye baiskeli. Pudensiana alikuwa anachambua maharage mlangoni. Hakuinuka, ila alitabasamu kidogo. Niliona. Nikasema nimeleta kitu kilichokwisha. Mzee akasema tutakiona huko huko porini, ndiko kiliko na kazi.

Tulitembea, mimi na mzee na wenzake wawili. Jioni nikasimamisha hema, nikawasha jiko. Wote wakaingia. Jamani, joto! Mzee alivua koti. Akavua na sweta. Mwenzake mmoja akasema hata kwa mke wake hakuna joto hili. Mzee akanitazama, akaniita mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo tangu siku ya harusi.

Sasa moto ulikuwa unang'aa ndani, na shuka likaanza kuonyesha. Juu ya kichwa cha mzee, katikati ya maua mekundu, maneno yakatokea makubwa: LALA SALAMA MPENZI. Mzee akayasoma kimya. Akayasoma tena. Akanyoosha mkono akagusa ua moja kwa kidole. Akaniuliza taratibu kama Pudensiana anajua. Nikasema ni zawadi ya kumshtukiza.

Aligeukia ukutani. Mabega yake yalitikisika, nikadhani ni kikohozi.

Kilichofuata ni nta. Pale bomba linapopita, paa lilipata joto, likaanza kuidondosha. Tone la kwanza lilimpata mmoja wa wenzake mzee sikioni. Nikasema ni umande. La pili likampata mzee kwenye upara, naye si mtu wa kuambiwa umande. Tukasukumana, tukajifunika, tukalala hivyo hivyo maana nje kulikuwa na baridi kuliko aibu yangu.

Alfajiri moto ulikuwa umezimika. Nta iliyoteremka ukutani yote ilikuwa imeganda chini na mlangoni. Mlango haukufunguka. Watu wanne tulikuwa tumezibwa humo kama maharage kwenye kopo, na moshi wa majivu ukianza kuzunguka. Mzee akaomba panga. Panga lilikuwa nje. Tulitoka kwa kuliangusha hema zima na kulivingirisha mpaka likapasuka.

Jua likatoka, nyuki wakaja. Nilidhani wachache. Likafika kundi zima, zito, likaingia hemani kwa tundu la bomba. Warina asali walisimama mbali wamekunja mikono. Mmoja akanisemesha kwa upole, kama anayemsemesha mgonjwa. Akasema mzinga mpya ukitaka nyuki wauingie unaupaka nta ndani, ndivyo nyuki wanavyoitwa. "Sasa wewe mkwe umewaita wote wa hili pori," akasema. "Nyie mafundi nguo mngeuliza."

Hakuna aliyeniambia. Nashon alikuwa na nafasi ya kuniambia.

Ijumaa, 28 Juni

Jana jioni mzee aliwafukiza nyuki kwa moshi, akawahamishia kwenye mzinga wake wa gome. Amefanya kazi ile peke yake, polepole, asiichane nguo zaidi. Kisha akakunja mashuka yote manne, magumu na meusi, akayabeba kwapani. Njia nzima ya kurudi hakumpa mtu amsaidie.

Mimi nilisukuma baiskeli na jiko. Nimeumwa mkono, jicho na sehemu moja nisiyoiandika.

Jumapili, 30 Juni

Nimerudi Nsemulwa. Sikuruhusiwa kulala Mwese. Mzee alimkabidhi Pudensiana ule mzigo uani. Pudensiana aliufungua, akaona ua, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilianza kueleza kuhusu uzito wa turubai. Nashon akanishika bega, akanigeuzia njia ya lori.

Sasa sina mke. Nimelala na viatu. Nimemfikiria mama mkwe na nimeona haya mbele ya mtu aliyekufa. Sitashona tena kitu chochote ambacho hakikuagizwa. Naandika hapa, na tarehe naweka.

Jumatano, 3 Julai

Amekuja! Pudensiana yuko hapa, jikoni.

Alishuka na lori, na bunda la mashuka. Ameniambia hakuja kwa sababu yangu. Baba yake ni mtu wa neno lake. Alisema anataka kuona kitu kimoja kilichoanza kikaisha, na lile hema, amekiri mwenyewe, lilikuwa limeshonwa likaisha, pindo zote. Kwa hiyo amemwambia binti arudi, ajaribu. Mzee amelia siku mbili, Pudensiana ameniambia hivyo, bila kupunguza.

Sharti lake ni moja. Nisiguse kitu chake. Nikigusa kitu chake kimoja tena, atapanda Mwese na safari hiyo baba yake hatasema neno, wala yeye hatashuka. Nimekubali. Nimekubali kwa magoti. Akasema niinuke, sakafu ina baridi.

Njiani alinunua chandarua. Kipya, cheupe. Amekitundika juu ya kitanda, akakichomekea pande zote mbili, upande wake na wangu. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyochomekea upande wangu. Sikujua kwamba kitu hicho kinaweza kumliza mtu mzima.

Ijumaa, 5 Julai

Siku nzima Pudensiana amechemsha mashuka kwenye sufuria kubwa uani, kutoa nta. Maua yanarudi moja moja. Anayakata maneno ya mama yake, anayaweka pembeni yakauke. Mimi nimemletea kuni. Kuni tu. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Saa ya mchana alifunika sufuria kwa kipande kikavu, akaingia ndani kuchukua chumvi. Nikawa natazama. Mvuke ukaingia chini ya kile kipande, kikavimba. Kikainuka. Peke yake! Kikakaa hewani kidogo, kikaanguka.

Nimekaa na kuwaza mpaka sasa. Kosa la hema langu lilikuwa uzito, na uzito uliletwa na nta, na nta ililetwa na Nashon. Lakini hema likijazwa joto la jiko lake lenyewe, linainuka. Halibebwi kichwani wala kwenye baiskeli. Unalifunga kamba, unatembea nalo porini likikufuata juu. Baba mkwe akiliona hilo, yatakuwa yamekwisha.

Kinachotakiwa ni kitambaa chepesi kuliko shuka. Chepesi sana, kipana, kilichoshonwa tayari kwa umbo la chumba. Matundu si hoja. Uji mzito wa muhogo huziba matundu yote.

Pudensiana amekwenda sokoni. Alisema nisiguse kitu chake, na mimi ni mtu wa neno langu. Lakini chandarua tunalalia wote wawili. Nitakata upande wangu tu.