Babu wa Ardhi na Baiskeli Nyekundu

Jumanne, 4 Novemba

Nimeaibika tena. Juzi Jumapili, pale Ngazi za Mizizi, mteremko mkali wa mlimani, niliteremka kwenye baiskeli nikaikokota hadi chini, nikijifanya nakagua tairi. A-Kiat, mdogo wake mke wangu, muoka keki za nanasi, akanipita mbio huku akipiga kelele: "Shemeji! Nani anamtembeza mwenzake hapo?" Kikundi chetu kizima cha baiskeli kikaangua kicheko. Hata mwenzetu mwenye goti bovu alicheka.

Mimi! Fundi wa bawaba! Hapa mjini Taichung nani asiyejua kwamba fremu nyingi za baiskeli zinazoruka milimani huko duniani zinakunjika nyuma kwa bawaba nilizozisugua kwa mikono yangu? Halafu mlima nashuka kwa miguu.

Nimetafakari. Kosa si langu. Baiskeli yangu ina shokapu, zile springi za kumeza mishtuko, mbele tu, nyuma ni ngumu kama benchi la stesheni. Nataka yenye shokapu mbele na nyuma. Nishuke Ngazi za Mizizi nikiwa juu yake, A-Kiat aone mgongo wangu. Sitaki kingine.

Nimemwambia mke wangu, Siu-kim. Hakukataa. Ila kasema kila ninachochagua mwenyewe huishia kuanikiwa nguo, akataja mashine ya karaoke na ile ya kukimbilia. Kwa hiyo itanunuliwa baiskeli moja tu, na atakayechagua ni Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa mtaa wetu, pale hekaluni kwake. Nimekubali haraka. Babu ananijua tangu nikiwa mtoto.

Jumatano, 5 Novemba

Dukani kwa Mama Tu, muuza baiskeli. Aina tatu, zote zina shokapu mbele na nyuma. Ya kwanza shokapu zake ni fupi, nyepesi, ya kupandia mlima. Ya pili ni ya kati: inapanda vizuri, inashuka vizuri. Nani anataka vizuri? Ya tatu ina shokapu ndefu, tairi nene, nyekundu. Nikaikalia. Ikanipokea kama sofa. Nikafumba macho nikamwona A-Kiat nyuma yangu, mdogo, anazidi kuwa mdogo.

Mama Tu akaniuliza huwa naendesha wapi. Nikasema kwenye miteremko, hasa ile mikali. Akaniuliza, na kweli kweli? Nikasema njia ya kando ya mto, mpaka kwa muuza chapati za chaza, na kurudi. Akanyoosha kidole kwenye ile ya shokapu fupi. Mwanamke hana adabu kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba

Hekaluni na Siu-kim. Tumepeleka karanga na biskuti. Nikapiga magoti, nikataja jina na anwani, nikauliza: mimi Lai, nichukue ile nyekundu? Nikarusha vibao viwili vya kumuulizia Babu. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Babu amekubali. Vikilala kifudifudi vyote, amekataa. Vikilala chali vyote, anacheka, hajajibu. Na ndiyo haihesabiki mpaka itoke mara tatu mfululizo.

Vikalala chali vyote.

Nikarudia. Akacheka tena. Siu-kim naye akacheka, jambo ambalo si heshima mbele ya madhabahu. Nikauliza mara ya tatu, taratibu, nikimweleza shokapu ni kitu gani, maana Babu ni wa zamani. Safari hii akakataa waziwazi.

Siu-kim akasema basi tuulize ile ya kati. Nikasema Babu amechoka, tusimsumbue.

Usiku nimefanya majaribio chumbani kwa vibao vya kuazima. Kwenye sakafu vinadunda ovyo. Kwenye mkeka mnene vinatulia, na mara nyingi vinatulia vizuri! Pia swali langu lilikuwa na kasoro. Lilinitaja mimi, na Babu ameniona nikiendesha. Kesho sijitaji. Nina akili, basi tu watu hawasemi.

Jumamosi, 8 Novemba

Ushindi!

Nilitandika mkeka, nikamwambia Siu-kim ni kwa ajili ya magoti. Akayatazama magoti yangu. Nikauliza kwa sauti nzito: Babu, je, baiskeli nyekundu yenye shokapu ndefu inafaa nyumba yetu? Ndiyo. Nikarudia. Ndiyo! Mara ya tatu kibao kimoja kikazunguka, kikatoka mkekani, kikaenda kugonga kiatu cha Siu-kim, kikalala chali. Mwenzake kifudifudi. Ndiyo!!

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Jioni nyekundu ikaingia sebuleni. Tumekula tukiitazama. Hata Siu-kim aliigusa usukani, akasema ni nzuri.

Jumapili, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Kupanda: nyekundu ni nzito, na ukikanyaga pedali inabonyea na kuinuka, inabonyea na kuinuka, huendi popote. Niliisukuma. Nilipofika juu wenzangu walikuwa wamekwisha kunywa chai na kuvaa glavu. Siu-kim alikuwa amefika zamani kwa pikipiki, ametuletea maandazi ya nyama.

Kushuka: Ngazi za Mizizi. Nikajipanga. Nikashika breki. Ni breki bora mno, zilishika zikakataa kuachia. Au vidole ndivyo vilivyokataa. A-Kiat akasema, "Shemeji, hizo springi za kushukia au za kulalia?" Nikamjibu kwamba napima upepo.

Ndipo Siu-kim akaweka mfuko chini, akasema hebu. Nikamwambia Babu alinipa mimi. Akasema, "Mzee, wewe uliulizia nyumba. Hukuulizia mtu." Akavaa kofia yangu, akakalia kiti changu, akaenda.

Akaenda! Alipiga ukelele mmoja tu, nao ulikuwa wa kicheko. A-Kiat, aliyekuwa ametangulia na kufika katikati ya ngazi, akajibanza pembeni kumpisha. Baadaye kanieleza, kama vile mimi ndiye nilipaswa kujua, kwamba dada yake utotoni alikuwa akishuka upande wa pili wa mlima na masanduku ya machungwa nyuma ya baiskeli. Miaka yote hii ya ndoa, hakuna aliyeniambia.

Nilishuka kwa miguu, nimebeba mkoba wake. Niliona wivu. Halafu nikamkuta chini, uso mwekundu, matope hadi puani, anacheka peke yake, nikaona fahari kuliko wivu. A-Kiat alikuwa ameona mgongo wa mtu wa nyumba yangu. Inahesabika.

Jumanne, 11 Novemba

Siu-kim amekwenda hekaluni bila mimi na bila mkeka. Kauliza kama mwendeshaji ni yeye. Babu kamkubalia mara zote tatu. Nyekundu ni yake. Leo nimeisafisha mwenyewe, nikapaka mafuta bawaba ya nyuma, nikiwa na raha kabisa. Amenipikia supu ya tangawizi, akanieleza kila kona aliyopita, na kona nyingine mara mbili.

Nimekaa nikatafuta funzo, nikalipata. Kosa lilikuwa neno "nyumba". Safari ijayo nitataja jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, asije mtu akajipenyeza. Mama Tu amepokea baiskeli ya umeme. Ina shokapu ndefu kuliko zote, nyeusi, inapanda yenyewe, na bila shaka inashuka yenyewe. Nami nasikia mtaa wa pili wana Babu wa Ardhi mpole sana, ambaye hajapata kuniona nikiendesha. Kesho nampelekea maandazi.