Nimemshika Utosi Mama Mkwe

Leo nimeumbuka. Tena Handeni, ugenini, siku ya posa!

Mimi mtoto wa Bungu, nasoma fizikia chuoni. Natandaza metali tabaka juu ya tabaka, nyembamba kiasi kwamba mbele yake utando wa buibui ni blanketi, kisha nazipiga mwanga wa leza. Usumaku wake unazimika kabla hata ukope haujaanza kushuka, halafu unarudi polepole. Swali linaloninyima usingizi: ukizimika, unakwenda wapi? (Ndiyo, haya ndiyo ninayoota. Wenzangu wanaota magari.)

Asubuhi tumetoka Korogwe na mjomba, ndiye mshenga wangu. Njiani akanionya: "Wewe kaa kimya tu. Na mama mkwe usimguse, hata kumkazia macho usithubutu. Wazigua hawana mchezo na ukwe."

"Sawa, mjomba."

Tukaketishwa uani chini ya kibanda cha bati, mimi pembeni ya mlango wa jiko. Mjomba na baba yake Zaina, binti niliyekuja kumposa, wakaanza maneno yao. Nikakaa kimya. Shida ni kwamba mimi nikikaa kimya, huwa sipo. Jua lilipenya kwenye tundu la bati, vumbi likaelea ndani ya mwali, taratibu... nikaziona tabaka zangu. Kobalti, platinamu, kobalti. Visumaku vimesimama wima, mwanga unapita, vyote vinalegea na kuinuka tena kama mahindi baada ya upepo. Jamani, raha! Jibu nilikuwa nalikaribia kabisa.

Wakaja watoto wa jirani, Wamasai. Hao hawakupi mkono, wanakuinamishia kichwa uwaguse utosini. Nikagusa kimoja. "Hujambo?" Nikagusa kingine. Mkono unafanya kazi, mwenyewe nimo ndani ya kobalti.

Kikatokea kichwa mlangoni pa jiko, kimeinama, kimefunikwa kanga. Nikakigusa. Nikakipapasa kwa upendo kabisa.

"Hujambo, mtoto mzuri? Shule unakwenda?"

Kikombe kikaanguka. Nikainua macho.

Mama mkwe! Mlango mfupi, alikuwa anainama apite na chai ya wageni.

"Astaghfirullah!" mjomba akashika kichwa. Mama akakimbilia ndani. Huko ndani nikamsikia Zaina anacheka mpaka kwikwi (asante, mpenzi). Heshima yangu ilizimika haraka kuliko usumaku wowote niliowahi kuupima.

Baba mkwe akakohoa. "Mshenga, huyu kijana ni mzima?"

"Mzima, mzee. Amesoma sana tu."

"Ndiyo maana nauliza."

Tukangoja. Nampenda Zaina, jamani, na pale nilijua nimeshamkosa. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu. Mwishowe shangazi yake akatoka, amejikaza asicheke.

"Mama anasema shule alishamaliza. Posa imepokelewa. Ila kwanza mbuzi wa kuomba radhi, na kijana amlete mwenyewe, akimshika kamba kwa mkono uleule."

Mwenye mbuzi aje inboksi. Mwenye kicheko akae nacho.