Faini ya Okei

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Hapa Nyakasimbi hakuna anayejua Kiingereza kunizidi. Nilikifundisha misheni! Yaani, nilifagia darasa walimokifundishia. Masikio nilikuwa nayo.

Jumamosi mjukuu wangu Kokubanza anaposwa na Novatus, muuza vitenge wa Kayanga, mtu wa kwao Muleba. Kijana mzuri, ila kila ukimwambia neno hujibu "okei". Mke wangu Adelgunda kanionya: mtoto anampenda, nisije nikaharibu. Niharibu mimi, msemaji wa ukoo? Kazi ya msemaji ni kuwatoza wakwe faini ya pombe wakikosa adabu. Shida moja tu: hawa watu wa Muleba hawakosei. Kosa itabidi litafutwe.

Jumatano, 5 Agosti

Limepatikana! Nimewatangazia wazee kilabuni: "okei" ni neno la jeshi la Waingereza. Asili yake, jenerali peke yake ndiye aliyelitamka, tena juu ya farasi, maana yake "nimesikia, ondoka". Kumwambia mzee okei ni kumfukuza nyumbani kwake. Jirani yangu Gaspari akabisha: wanajeshi waliopita hapa wakati wa vita waliwaambia okei hata mbuzi. Nikamuuliza kama walikuwa na farasi. Sheria ikapita: okei moja, mtungi mmoja wa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Jumamosi, 8 Agosti

Wamekuja. Mshenga wao Egbert, karani mstaafu, na tai yake. Kavua viatu. Kakaa alipoonyeshwa. Hana kosa, mbwa huyu! Nikamgeukia Novatus. Kahawa ya kutafuna umepata? Okei. Kigoda kimekutosha? Okei, babu. Nilifurahi mpaka nikapoteza hesabu ya mitungi.

Nikawatangazia faini. Egbert akauliza kosa ni lipi. Nikamweleza jenerali, na farasi. Hakucheka. Akasema ndizi za kutosha pombe hiyo yote hazipo Muleba nzima, kwa hiyo ameelewa: tunawakataa kistaarabu. Wakavaa viatu wakaenda.

Kokubanza akatoka nyuma ya mlango, macho mekundu. Akaniuliza, mitungi hiyo ikifika, ndiyo itakayonioa? Watoto wa siku hizi! Adelgunda kaninyima chakula, nalala na njaa.

Jumatatu, 10 Agosti

Adelgunda kamwita Mwalimu Xaveria kutoka Bugene aje amchunguze jenerali wangu. Kaja na kitabu kinene. Anasema okei ilizaliwa Amerika, miaka mia na zaidi iliyopita, magazetini. Waandishi walikuwa wakitania: wanaandika "kila kitu sawa" kwa Kiingereza cha mtu asiyejua kuandika, makusudi, halafu wanakifupisha kwa herufi mbili, O na K. Utani ukasambaa. Leo maana yake ni sawa, basi, wala haimtukani mtu.

Mzaha wa magazeti! Mimi nimehangaika na jeshi zima, na farasi, na uongo wangu haujavuka migomba ya Gaspari. Wa kwao umefika Kayanga. Hakuna haki.

Adelgunda kasema niende kuomba radhi, la sivyo nijipikie. Kokubanza haongei na mtu.

Jumatano, 12 Agosti

Kayanga kwa Novatus, kwa miguu. Egbert kaniacha nimesimama mpaka akamaliza chai yake. Watarudi, kasema, kwa sharti moja: msemaji aliyewafukuza wageni atawakamulia rubisi kwa miguu yake mwenyewe, na asisaidiwe na vijana. Novatus kanitazama kama mtu anayeomba maji. Nikasema ndiyo. Kwa Kiswahili. Kwa usalama.

Jumamosi, 15 Agosti

Posa imepita! Kokubanza kacheka mpaka akasahau kunichukia. Rubisi imesifiwa, hata na Egbert, ambaye anadai mtungi mwingine wa kwenda nao.

Novatus leo hakusema okei hata mara moja. Kaambiwa, bila shaka. Kila neno alijibu "yesi". Sasa hiyo yesi nimeifikiria sana. Asili yake ni mahakamani. Mshtakiwa peke yake ndiye husema yesi, mbele ya hakimu mwenye nywele za bandia. Kumwambia mzee yesi ni kukiri kosa. Harusi ni Oktoba. Wazee watakuwa wameshaelewa.

Ila miguu imevimba kwa kukanyaga ndizi, na mtungi wa Egbert bado. Gaspari, najua huwa unalisoma daftari hili nikiwa shambani. Mwezi wa sita ulipoumwa jino nilikukanyagia ndizi zako asubuhi nzima. Basi kesho njoo unikanyagie hizi chache. Na uje na nyasi za kukamulia, zangu zimekwisha.