Kizingiti cha Ukumbi wa Walatvia

Jumatatu, 9 Juni 1997

Barua ya halmashauri imefika. Nimeisoma nimesimama, kama nilivyosoma kila barua ya serikali tangu nifike Melbourne. Ijumaa anakuja mkaguzi, Bi Pettifer, kuona kama mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia ukumbini kwetu.

Hawezi! Ngazi tatu mlangoni. Asiporidhika, ukumbi unafungwa hadi tutakaporekebisha, na sherehe ya Yohana, sikukuu yetu kubwa ya Juni, inahamia kwa Waestonia. Kwa Waestonia! Na mimi, mtunza ufunguo kwa miaka ishirini na sita, nitanyang'anywa ufunguo.

Nitajenga njia ya mteremko mwenyewe, kwa mbao za jukwaa la zamani.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma kanuni mara mbili. Kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na nne za kwenda mbele. Ngazi zetu zina kimo cha sentimita arobaini na tano. Mita sita na ushee! Kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa betula walioupanda waasisi ni mita nne. Mti haukatwi. Nimeota huo mti ukianguka. Nimeamka na jasho.

Grīnvalds wa kwaya, anayeumezea mate ufunguo wangu tangu astaafu, alisimama uani mikono mfukoni. Akaniambia nikunje kona: nusu huku, sehemu bapa ya kupumzikia, nusu kule. Akaongeza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba hata mbuzi angeliona hilo, Mzee Strautmanis.

Kona ni wazo zuri. Limetoka kwa Grīnvalds. Basi nitajenga moja kwa moja, mita tatu na nusu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemaliza. Mteremko ni mkali kidogo. Nilimwomba Bi Austra wa kamati, ambaye hutumia kiti cha magurudumu akichoka, aujaribu kwa kiti chake. Akasema alivuka vita akiwa mzima na hana mpango wa kufia uani kwa ajili yangu. Kiti alinikopesha.

Nilishuka mwenyewe. Sikumbuki katikati. Nakumbuka juu, na nakumbuka betula. Bi Austra alikuja mbio na fimbo yake kuuliza kama kiti kimeumia.

Nina hofu hadi mezani; supu ya bitiruti imenishinda. Ila nimepata akili: nimefunga matawi ya mkalitusi pande zote mbili, kama tunavyopamba milango siku ya Yohana. Mkaguzi ataangalia majani, hataangalia mteremko.

Ijumaa, 13 Juni

Bi Pettifer mwenyewe anatumia kiti cha magurudumu! Hakuna aliyeniambia.

Nilijificha nyuma ya pazia, kisha nikaona haya, nikasimama ndani ya mlango. Mama yule ana mikono ya mpiga makasia. Alipanda, akihema, majani yakimpiga usoni, hadi kizingitini. Hapo magurudumu ya mbele yakagota. Mkono mmoja ukashika gurudumu, mwingine akaninyooshea.

Juu ya kizingiti! Kwetu kupeana mkono hivyo ni kuita balaa.

Mwaka 1944 mama yangu alimpa jirani mkono juu ya kizingiti. Wiki hiyohiyo tukaikimbia nchi. Sihitaji ushahidi zaidi. Nikainama kwa heshima, nikamwomba aingie kwanza ndani, ndipo tusalimiane.

Akasema haingii, amekwama. Nikasema basi asubiri, nitatokea mlango wa jikoni nimsalimie nje. Akapiga kelele: “Baba wewe, sikusalimii, nateleza! Nishike!”

Nikasita. Nusu dakika, labda pungufu. Mkono wangu ulifika nusu ya njia ukagoma. Kiti kikaanza kurudi nyuma. Macho yake nitayaona hadi kufa.

Grīnvalds, ambaye hakuitwa na mtu, alikuwa chini. Alikidaka kiti kwa tumbo. Wako hai wote wawili. Mkaguzi akamkabidhi yeye karatasi: wiki moja ya kurekebisha, la sivyo ukumbi unafungwa.

Jumapili, 15 Juni

Kamati imekaa. Kura kumi na moja dhidi ya moja. Ufunguo uko kwa Grīnvalds, anayejenga mteremko wenye kona. Bi Austra alinipapasa bega, akaniambia nishukuru Mungu hatukumwua mtu wa serikali. Nilimjibu kwamba kama mlango ungekuwa hauna kizingiti, nisingekuwa na kosa lolote.

Wamenipa kazi ya choo: vyuma vya kushikia ukutani, kwa kimo kilichoandikwa kwenye kanuni. Nikiifanya vizuri, ufunguo watanirudishia, najua. Kanuni sikuifungua. Nimekaa chooni, nimenyoosha mkono, nimeweka alama ya chaki. Mimi ndiye mrefu kuliko wote katika kamati. Kilichonitosha mimi kitawatosha na wao.