Waacheni Wafaransa na Sauti Zao

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

YAH: KUPINGA WAFARANSA KUTIWA SAUTI ZA WATU WENGINE

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kama wewe si mtu wa dini, zipokee salamu hivyo hivyo, hazitakudhuru. Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani. Nashona sare za shule, na mtaani wananiita Mama Vifungo. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali, sahihisha kimya kimya uendelee.

Jumamosi iliyopita, filamu ilipokwisha, mtangazaji wenu, yule mwenye tabasamu la tangazo la dawa ya meno, alisema kwamba kuanzia mwezi ujao vichekesho vya Kifaransa vya saa tisa alasiri havitakuwa tena na maandishi ya chini. Vitatiwa sauti ya Kiswahili, "ili mtazamaji asipate shida ya kusoma." Mkurugenzi, nilikuwa nimeshika sindano. Nilijichoma.

Nani alikulalamikia kwamba anapata shida? Naomba nieleze hoja zangu kwa namba, maana mume wangu husema nikiongea bila namba huwa sifiki.

1. Ni dhambi. Mtu amefungua mdomo aliopewa na Muumba wake, akasema neno lake. Halafu anakuja mtu mwingine, amekaa kwenye chumba chenye feni, hata hawajawahi kupeana mkono, anamsemea. Kwetu kanisani hiyo inaitwa ushahidi wa uongo, na iko kwenye zile amri kumi, haiko kwenye matangazo madogo madogo. Maandishi ya chini hayana kosa hilo. Yanakaa chini kwa adabu, yanamwacha mwenye mdomo aseme.

2. Hizo sauti zenyewe nazijua. Jirani yetu ukuta kwa ukuta ni kinyozi, na anaonyesha wateja wake filamu za mapigano zilizotiwa sauti. Mwanamume mmoja ndiye jambazi, ndiye mke wa jambazi, ndiye bibi yake, ndiye mbwa. Bibi anakohoa kama jambazi. Yote nayasikia ukutani nikiwa nakata kola. Juzi bi harusi alikubali kuolewa kwa sauti nzito mno, nikadhani anayekubali ni mchungaji. Haya ndiyo mnayomtakia Mfaransa wa watu?

3. Ufupi. Mfaransa akianza kuongea, mikono inazunguka, mabega yanapanda, nyusi zinashuka, dakika nzima, halafu chini panaandikwa: "Sawa." Hili limenifundisha uvumilivu kuliko mahubiri mengi. Tena, Mungu anisamehe, nimewahi kukaa ibadani, mchungaji akiwa kwenye saa ya pili, nikajikuta namwangalia kifuani natafuta yale maandishi. Sasa huyo mtu wenu wa sauti, mdomo wa Mfaransa ukienda dakika nzima, itabidi naye ajaze dakika nzima. Atajaza nini? Atatunga. Na kutunga ni kule kule kwenye namba 1.

4. Mume wangu. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Nimeiweka ya nne usije ukadhani naandika kwa ajili ya nafsi yangu.

Mume wangu ni fundi bomba. Kwa miaka ishirini na mbili Jumamosi yake ilikuwa ya drafti na wenzake, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Akirudi anakula, anasema "asante, mama," analala. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye maneno yake yote huyamalizia kwenye mabomba. Basi miaka mitatu iliyopita miwani yake ikapotea, Mungu ndiye ajuaye ilipo, na bila miwani haoni maandishi hata yakiwa makubwa kama mlango. Kwenye drafti akawa anasogeza kete za wenzake. Wakamwambia, "Fundi, hebu kapumzike nyumbani kidogo, unatuharibia." Akabaki nyumbani, amenuna. Jumamosi hiyo mlikuwa mnaonyesha Wafaransa. Akakaa, akakaza macho, akashindwa, akaniambia: "Mama, hebu nisomee wanasema nini hawa."

Tangu siku hiyo namsomea. Tunakaa kochi moja, bega kwa bega, kochi ambalo zamani lilikuwa la kulundikia nguo zinazosubiri pasi. Mimi nacheka kwanza, yeye anacheka nikishamsomea, kisha nacheka tena kwa sababu yeye amecheka. Kichekesho kimoja tunakila mara tatu. Nikimwambia akanunue miwani nyingine, ananijibu, "Miwani ya nini, na wewe upo?" Kwa neno hilo tu ningewapigia magoti wote hapo kituoni.

Na si kucheka peke yake. Kuna ile filamu ya mwoka mikate mwenye masharubu, anayekwama kwenye kabati la mama mkwe wake. Mwishoni anarudi kwake, anasimama mlango wa jikoni, anamwambia mkewe: "Mke wangu, naona ulivyochoka. Kaa chini, vyombo nitaosha mimi." Nilimsomea mume wangu maneno hayo. Filamu ilipoisha akanyanyuka, akakunja mikono ya shati, akaenda kuosha vyombo. Akavunja bakuli moja, nikaokota vipande. Tangu hapo kila Jumamosi anaosha.

Sasa mkitia sauti, mimi wa nini? Atakwenda kutazama kwa kinyozi na wanaume wenzake. Tayari kila Jumanne asubuhi, wakati mnarudia filamu na mimi nipo kwenye maombi ya akina mama, yeye yuko huko, eti ananyolewa, na nywele zenyewe zimebaki za kuhesabu. Sijui huyo kinyozi huwa anamnyoa nini.

5. Kwa hiyo naomba uamuzi huo ufutwe. Naomba pia huyo bwana wa sauti aje asimame mbele ya waumini atubu. Hatutamwaibisha, chai itakuwepo. Na mkiona maandishi ya chini yamewabakia mengi, yasambazeni kwa wananchi. Yawekwe kwenye hotuba za wakubwa. Yawekwe kwenye madirisha ya ofisi zile wanakokuambia "njoo kesho." Hata mawifi zangu wawekewe, ili wakiniambia "leo umependeza," niinamishe macho kidogo nisome.

Nakuachia hapo, nina sketi arobaini za kupinda. Nisalimie mtangazaji wenu, mafundi wa mitambo, mlinzi wa getini na mkeo nyumbani. Msalimie na bwana wa sauti, namwombea.

Wako katika imani na mbele ya televisheni,
Mama Vifungo,
Fundi wa sare.

Tanbihi: Barua hii nilimpa mume wangu aipeleke posta, bahasha sikuwa nimeibandika. Akaenda kwenye cherehani yangu, akafungua kopo la vifungo, akatoa miwani yake, akaivaa mbele ya macho yangu, akaisoma barua yote amesimama.

Sasa lazima niseme ukweli, maana nimeshakutajia amri. Ile miwani niliiona wiki ya pili tu, ilikuwa imedondokea nyuma ya cherehani. Nikaichimbia kwenye vifungo. Na kusoma, Mkurugenzi, sisomi. Maandishi yenu yanakimbia. Nadaka maneno mawili, yaliyobaki natunga. Miaka mitatu Wafaransa wanasema ninachotaka mimi.

Nikalia. Nikamwambia mwoka mikate hakusema vile.

"Najua," akasema. "Alisema, 'Nani kahamisha viatu vyangu?' Niliisoma Jumanne iliyofuata kwa kinyozi, iliporudiwa. Miwani naichukua ukienda maombi, naitia koponi kabla hujarudi."

Nikamuuliza, kama ulijua, vyombo umekuwa ukiosha kwa nini?

"Kwani hukuwa umechoka?"

Amekataa kuipeleka barua mpaka niongeze haya: Wafaransa watieni sauti, lakini sauti iwe ya mkewe, kwa sababu maneno yao wenyewe ameyasoma yote na hayachekeshi. Kwa hiyo futa namba 1 hadi 5. Uzoefu ninao, miaka mitatu, na mbwa namuweza. Napatikana siku zote isipokuwa Jumapili, ambayo ni ya Bwana, na Jumamosi saa tisa alasiri. Hapo nina mtu wa kumsomea.