Mbu wa Kiti cha Nyuma

Jumapili, 4 Mei

Ushindi! Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wake mke wangu, alikuja mchana kuazima gari. Lake jeupe lilikuwa linaoshwa, eti, na yeye ana haraka. Mara ya mwisho alilirudisha langu limejaa makombo ya biskuti mpaka kwenye dashibodi. Nikamwambia chukua tu, ndugu yangu, ufunguo huu hapa. Kiroho safi! Hajui kwamba chini ya zulia la nyuma nimeficha kiswichi kinachokata umeme wa pampu ya petroli. Kazi ya mikono yangu mwenyewe. Akapiga stata mpaka jasho likamtoka. Injini inazunguka, haiwaki. Nikampa pole za kutosha. Akaondoka kwa miguu. Nimecheka, mbavu sina.

Nilikuwa natoka kukirudisha kiswichi, mke wangu akaita chai. Nitakirudisha baadaye.

Alhamisi, 8 Mei

Heshima kubwa! Mama mkwe, anayekaa kwetu tangu afanyiwe upasuaji wa macho, anafunguliwa bandeji Jumamosi. Mwanyumba alijitolea kumpeleka hospitali. Mimi nikajitolea kwa sauti kubwa zaidi. Mama akasema atakwenda na mimi, kiti changu cha nyuma ameshakizoea.

Hili si jambo dogo. Mwanyumba anaitwa "mwanangu". Mimi, niliyetangulia kuoa katika nyumba ile, bado naitwa "yule bwana". Inauma. Lakini Jumamosi mama atafumbua macho, na wa kwanza atakayemwona ni mimi.

Jioni nikaenda kulipasha gari moto, maana sijaligusa tangu Jumapili. Stata inazunguka vizuri kabisa. Haliwaki! Nikajaribu tena. Wapi! Nani alikalia kiti cha dereva mara ya mwisho? Ni yeye. Amelipiza kisasi, mnafiki mkubwa!

Ijumaa, 9 Mei

Nimeomba ruhusa kazini. Nikaazima betri ya jirani. Mke wangu akasema betri ingekuwa mbovu stata isingezunguka. Nikaifunga hivyo hivyo. Gari haliwaki. Nikafungua plagi kuangalia cheche. Cheche zipo, moja imenipiga kidoleni mpaka nikakaa chini.

Fundi wa mtaani alipita, akasema kama moto upo basi mafuta hayafiki, afungue zulia la nyuma aiangalie pampu. Nikamkatalia katakata. Pale chini pana siri yangu, na fundi huyu hana mdomo wa kufunga.

Dhana yangu: mwanyumba ametia sukari kwenye tangi. Nikavuta petroli kwa mpira, nikaonja. Si tamu. Nikaonja tena kuhakikisha. Mke wangu amenipiga marufuku kukaribia jiko.

Jumamosi, 10 Mei

Siku gani hii!

Asubuhi mwanyumba huyo getini, na gari lake jeupe linang'aa, shati limenyooka, anapiga mluzi. Kasema amepita tu, endapo atahitajika. Nilitamani kumrushia spana. Mke wangu akanisihi niache ukaidi, mama asije kuchelewa. Mama mwenyewe, bandeji machoni, akasema alishasema anakwenda na nani. Akaongozwa mpaka kwenye kiti changu cha nyuma.

Nikazungusha ufunguo. Stata, stata, stata. Hakuna. Mluzi ukapanda juu.

Mama akauliza kwa upole:

"Kwani leo yule mbu wako yuko wapi?"

Mbu gani, mama? Akaeleza kwamba kila nikizungusha ufunguo, kabla injini haijawaka, kuna mbu huimba kidogo chini ya kiti chake. Leo kimya. Amemkosa.

Mbu! Pampu! Kiswichi!

Nikajitia hamnazo, nikashuka, nikapapasa chini ya miguu yake. Akauliza natafuta nini. Nikasema nafunga kamba za viatu vyake. Mama alikuwa amevaa kandambili. Mabega yakamtikisika.

Nikazungusha tena ufunguo. Mbu akaimba! Gari likawaka mara moja. Mluzi ukakatika. Nikapiga honi mtaa mzima bila sababu yoyote.

Hospitali, mwanyumba alikuwa ametutangulia na kusimama mbele ya wote. Daktari akafungua bandeji. Mama akapepesa macho, akalipita shati lililonyooka, akanitazama mimi, oili puani, petroli inanuka.

"Huyu ndiye mwenye mbu," akasema. "Njoo hapa, mwanangu."

Mwanangu! Nimelia mbele ya manesi wawili. Sioni aibu.

Jumapili, 11 Mei

Mwanyumba kapiga simu. Gari lake liko kwa fundi, kesho mchana atakuja kuazima langu. Ameshamuuliza mama kuhusu huyo mbu, kwa hiyo akisikia kimya atapekua chini ya zulia. Mjanja! Lakini nimemzidi. Leo nimefunga kiswichi cha pili, cha kukata moto wa plagi. Hata mbu akiimba, gari haliwaki. Nimekificha mahali ambapo hata mimi nilipata shida kupafikia, na sikumwambia mtu.

Nimevijaribu vyote viwili. Vinakata safi kabisa. Kesho alfajiri nampeleka mama, "mwanangu" wake ni mimi, kuchukua miwani, kwa hiyo nilitaka kuvirudisha sasa hivi. Lakini mke wangu anaita, chai inapoa.