Beti Kumi na Moja za Shamba la Mihogo

Kila mkazi wa tawi letu la chama, Temeke, aliijua kanuni hii, hata asiyejua kusoma: wimbo wa kujenga taifa ukipigwa, watu wote husimama na kucheza mpaka uishe. Atakayeketi kabla ya mwisho atacheza peke yake, wimbo mzima, mbele ya hadhira.

Kanuni hiyo niliiandika mimi, Katibu wa tawi, kwa wino mweusi, nayo haikuwahi kumwonea mtu.

Mwaka wa 1974 mwanamuziki wetu mkongwe, Mzee Leonardi Kondo, alitangaza kuliweka gitaa chini baada ya miaka thelathini. Tawi likagundua, kwa masikitiko, kwamba miaka yote hiyo wananchi walikuwa wakizipenda nyimbo zake bila mpango. Mwenyekiti wetu, Ndugu Wilbert, akaunda Kamati ya Kuratibu Mapenzi ya Nyimbo. Tukapiga chapa fomu katika nakala tatu: nyimbo unazozipenda, nyimbo usizozipenda, na sababu.

Fomu ya kwanza ilirudishwa na Marselino, mpagazi wa bandarini, aliyekuwa na santuri zote thelathini na moja za Mzee Kondo, na aliyezifuta vumbi kwa kanga mpya ya mkewe. Aliupenda zaidi “Anjelina, Rudisha Kitana.” Sababu: “Nikiusikia, mgongo unaacha kuuma.” Asioupenda kabisa: “Ziara ya Mwenyekiti Katika Shamba la Mihogo.” Sababu: “Hauna chemko.”

Kwa wasiohudhuria madansi, chemko ni sehemu ya mwisho, ambapo magitaa huongeza kasi na watu wenye heshima hupoteza viatu. Wimbo ule, ingawa ni wa kujenga taifa, kweli haukuwa na sehemu hiyo. Ulikuwa na beti kumi na moja. Nilizitunga mimi. Mzee Kondo aliombwa azitie muziki, akakubali siku ya tatu ya kuombwa.

“Amelidharau shamba,” alisema Mwenyekiti katika kikao cha dharura. Tukaazimia santuri zote zichukuliwe na kufungiwa kabatini mwa ofisi, hadi mapenzi ya mwenyewe yatakaponyooka.

Marselino alifika akitweta.

“Shikamoo, Ndugu Katibu. Chukueni hata baiskeli. Santuri, jamani!”

“Marahaba. Uamuzi umekwisha kupigwa mhuri.”

“Basi upigwe huo wimbo Jumapili, kwenye dansi la kumuaga mzee. Akiketi mtu yeyote kabla haujaisha, mniachie santuri zangu. Wakisimama wote, mie mwenyewe nazibeba mpaka hapa.”

Niliridhia. Nani angeketi?

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Mzee Kondo alipiga kwa uso wa mtu anayetafuna kwinini. Ubeti wa kwanza husifu jembe. Wa pili, mpini. Wananchi walicheza kwa nidhamu, kama watu walio katika foleni ya sukari. Ubeti wa nne, Mauwa, muuza vitumbua, akaniinamia sikioni.

“Baba, bado wanalima tu?”

“Kuvuna ni ubeti wa tisa.”

“Yarabi!”

Ubeti wa saba, unaosifu viatu vya Mwenyekiti, nilisikia kiti kikilia. Ndugu Wilbert alikuwa akijipepea kwa ajenda.

“Mwenyekiti kaketi!” alipaza sauti Mauwa.

“Sijaketi,” alijibu Mwenyekiti. “Nimeahirisha kusimama.”

Marselino akanisogelea. “Ndugu Katibu, si kanuni yako hii? Tusomee.”

Ili nimjibu kwa ukali uliostahili nilitaka kusimama, na ndipo nilipotambua kwamba hata mimi nilikuwa nimeketi. Mauwa alisema ni tangu ubeti wa tano.

Kwa kuwa kanuni inasema “peke yake,” alitangulia Mwenyekiti, nikafuata mimi. Beti ishirini na mbili. Wananchi waliketi wote, wakala vitumbua, na Mzee Kondo akapiga huku akitabasamu, jambo ambalo wimbo ule haukuwahi kumfanyia.

Santuri hazikuvuka kizingiti cha Marselino. Jumatatu asubuhi, magoti yakiwa bado yananiuma, niliijaza fomu yangu katika nakala tatu. Penye nyimbo nisizozipenda niliandika mmoja tu. Sababu: hauna chemko.